Pambano Ambalo Umezaki Hakulichora

Mkono wa Umezaki Motoharu ulimgomea asubuhi moja akiwa amekaa mezani pake, chai ikiwa bado ya moto. Alichovya kalamu kwenye wino kama alivyoichovya tangu ujana wake, akaishusha kwenye karatasi, na papo hapo kidole cha shahada na cha kati vikajikunja kuelekea kiganjani kama miguu ya buibui aliyemwagiwa maji moto. Kalamu ikaanguka. Akaiokota, akajaribu tena. Vidole vikajikunja tena.

Mwanzo alicheka. Akamwita mkewe, Fumie, aje kuona kioja.

"Umeulalia," Fumie akasema.

"Sijaulalia."

"Basi umechoka. Njoo ule, utaachia wenyewe."

Haukuachia. Mezani mkono ule ule ulishika vijiti na kudonoa punje za wali mojamoja bila taabu. Ulifunga vifungo vya shati, ulimenya chungwa, ulimkuna mwenyewe mgongoni. Lakini kalamu ikigusa karatasi tu, vidole vinakunjamana. Daktari wa kwanza alisema ni uchovu. Wa pili, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, alimweleza kwamba ubongo wake na vidole vyake vimekosana juu ya kazi moja, ile ile moja aliyoifanya mno. Kwamba wapiga fidla na wapiga piano nao hupatwa na jambo hili. Kwamba wapo wanaopona na wapo wasiopona. Walijaribu sindano. Walijaribu mazoezi, na kalamu nene kama mchi. Akajaribu mkono wa kushoto, ukamtolea michoro ya mtoto wa chekechea. Jarida lililokuwa likichapa manga yake, hadithi ya michoro, kila wiki likawatangazia wasomaji kwamba Mwalimu Umezaki, kama wachoraji wakubwa wanavyoitwa kwa heshima, yuko mapumzikoni kwa sababu za afya.

Ugonjwa hauchagui siku, lakini huu ulikuja siku mbaya kupita zote, kwa kuwa ulimkuta Kajika akiwa hewani.

Kajika ndiye aliyekuwa shujaa wa manga ile, na manga yenyewe iliitwa kwa jina lake. Kijana mfupi, mbeba magunia wa gatini, asiyejua kupigana ila kwa mtindo mmoja tu: kuanguka. Ukimrushia konde, anaanguka, na katika kule kuanguka anakuzoa miguu. Ukimpiga mtama, anakwenda chini kwa furaha, nawe unakwenda naye. Umezaki aliutoa mtindo ule kwa baba yake. Huko kwao Niigata, ambako theluji huzika nyumba hadi madirishani, alimwona mzee akiteleza kutoka juu ya paa alikokuwa akipakua theluji kwa koleo. Mzee alianguka, na mara alikuwa amesimama, koleo mkononi, akiguna. Mtoto Motoharu hakuona kuanguka kulikoishia wala kuinuka kulikoanzia. Maisha yake yote ya kuchora mapigano alikuwa akiikimbiza nukta ile.

Na adui wa mwisho wa Kajika alikuwa Omine, pande la mtu lisilowahi kuguswa na vumbi mgongoni, ambalo ndilo lililomfundisha Kajika kuanguka. Basi utamshindaje kwa kuanguka mtu aliyekufundisha kuanguka? Umezaki alilijua jibu tangu mwaka wa kwanza. Hakulichora popote, hakumwambia mtu. Alilitunza kichwani kama mwali anavyotunzwa ndani, akilitazama kila akiwa kwenye maji ya moto bafuni, macho ameyafumba. Hatimaye alilifikia. Akachora konde la Omine likimnyanyua Kajika juu ya ardhi, akachora gunia likipasuka nyuma yake na mchele ukitawanyika. Kesho yake mkono ukagoma.

Upande wa pili filamu ya Kajika ilikuwa inakwenda. Studio moja ya mtaa wa Suginami ilikuwa ikiigeuza manga ile kuwa anime, yaani filamu ya katuni, sehemu baada ya sehemu, na kila Jumapili jioni watoto wa nchi nzima walikaa mbele ya televisheni. Filamu ilikuwa nyuma ya kitabu, kisha ikawa karibu, kisha ikakanyaga visigino vyake.

Ndipo Kagawa, mhariri wake wa miaka mingi, akaja nyumbani akiwa amefuatana na mwanamke mwembamba mwenye nywele fupi na vidole vyenye madoa ya risasi ya penseli.

"Mwalimu, huyu ni Bi Torigoe Sayo," Kagawa akasema. "Mapigano yote unayoyaona kwenye filamu, yeye ndiye anayeyasimamia."

Torigoe aliinama hadi paji la uso likakaribia mkeka. "Nimekuwa nikikusoma tangu niko shule, Mwalimu. Nilivunjika mkono nikiiga kuanguka kwa Kajika kwenye ngazi za shule."

"Masikini! Na ukapona?"

"Nikapona, nikaanguka tena."

Wakacheka. Umezaki alimpenda hapo hapo, na hilo likafanya mambo kuwa magumu zaidi baadaye. Fumie alileta chai baridi ya shayiri. Kagawa aliizungusha bilauri yake, akaizungusha tena, kisha akasema walilolijia. Filamu imefika kwenye pambano la Omine. Saa ya televisheni imekwisha kupangwa, waigiza sauti wamekwisha kuitwa, vinyago vya Omine viko madukani. Gari hili halina breki.

"Hatuombi uchore," Torigoe akasema. "Tuambie tu linavyokwisha. Mimi nitachora."

Umezaki alivuta pumzi. "Kajika yuko hewani."

"Ndiyo."

"Anaanguka."

"Ndiyo." Penseli ya Torigoe ilikuwa tayari.

"Omine anamngojea chini. Kwa sababu kila anayeanguka hufika chini, na Omine anajua atafikia wapi, yeye ndiye aliyemfundisha. Lakini Kajika hafiki."

"Hafiki?" Kagawa akauliza. "Anaruka?"

"Haruki."

"Anashika kitu? Kamba?"

"Hashiki kitu. Anaanguka vizuri tu, kama kawaida. Ila hafiki."

Kagawa na Torigoe walitazamana. Umezaki aliona wanavyotazamana, akahisi joto likimpanda masikioni. Kichwani mwake jambo lenyewe lilikuwa wazi kama mchana: bega, nyonga, kisigino, ule mstari mmoja wa wino unaoanzia shingoni mwa Kajika na kuishia nyuma ya goti la Omine. Hakuwahi kulitafutia maneno. Alikuwa na mkono, maneno ya nini?

"Nionyeshe basi, Mwalimu," Torigoe akasema kwa upole. "Njoo studio. Tuna magodoro."

Akaenda. Fumie alimfungia suruali ya michezo kwenye mfuko, akamwambia akumbuke umri wake. Studio ilikuwa juu ya duka la mboga. Vijana kadhaa walikuwa wameinamia meza zao, vipokea sauti masikioni, vipande vya mkate mikononi. Walipomwona wakasimama wote kwa pamoja, wakainama. Chumba cha nyuma kilikuwa kimetandikwa magodoro ya judo, na kamera imewekwa kwenye miguu yake mitatu. Bando, mchoraji mmoja mnene aliyewahi kucheza raga chuoni, alichaguliwa kuwa Omine.

"Bando, ukimvunja Mwalimu, ujue umetuvunjia mkate wetu wote," mwenzake mmoja akamtania.

"Mwalimu, nikupige au nikutekenye?" Bando akauliza, ngumi zake zikining'inia kwa aibu.

"Nipige, kijana. Usinidharau."

Bando akarusha konde la pole. Umezaki, ambaye ujanani alicheza judo hadi mkanda mweusi, akaanguka vizuri, mkono ukipiga godoro kwa mlio mkubwa, na mguu wake ukamzoa Bando akaenda chini kama gunia. Chumba kizima kikapiga makofi. "Kajika! Kajika!" wakaita. Alisimama akihema, amejaa furaha, kwa kitambo akawa na hakika kwamba itawezekana.

"Sasa ile yenyewe," akasema.

Akaanguka tena. Akakusudia bega lisiguse, nyonga izunguke kabla ya uzito kuifikia. Akagonga godoro kwa mgongo, pumzi ikamtoka. Akarudia. Akagonga kwa ubavu. Kwenye karatasi Kajika hana uzito ila ule wa wino, lakini Umezaki alikuwa mtu wa nyama na kitambi, na kitambi kilifika chini kabla ya kila kitu. Akarudia tena na tena, hadi Bando akaacha kurusha konde, akabaki amenyoosha mikono kumdaka.

"Usinidake! Ukinidaka nitafundishaje?"

"Nisamehe, Mwalimu. Naogopa."

Torigoe alikuwa amepiga magoti pembeni, daftari pajani, penseli ikikimbia. "Hivi?" akamwonyesha. Ulikuwa mchoro mzuri. Kajika alikuwa amejikunja hewani, shati likipepea.

"Karibu."

Akafungua ukurasa. "Hivi?"

"La. Nyonga iko mbele mno."

"Hivi?"

"La, la. Sasa umemfanya aruke. Haruki."

"Hivi?"

Kila mchoro ulikuwa mzuri kuliko uliotangulia, na kila mchoro ulikuwa mbali zaidi. Umezaki alihisi kama mtu anayetazama basi lake likiondoka, dereva akimpungia mkono kwa adabu. Bila kufikiri aliinyakua penseli mkononi mwa Torigoe. "Lete, nikuonyeshe, ni mstari mmoja tu." Ncha ikagusa karatasi. Vidole vikajikunja kwa nguvu, vikagongana na kiganja, na penseli ikaacha mkwaruzo mmoja uliokatisha kifua cha Kajika, kisha ikabingirika godoroni.

 Bando aligeuka akatazama dirisha. Torigoe aliiokota penseli polepole.

"Tupumzike kidogo," akasema. "Nani ana njaa?"

Walimnunulia supu ya tambi. Walimheshimu kweli kweli. Hakuna mtu mahali pale aliyemfanyia ubaya, na hata alipokuwa akirudi nyumbani kwa treni, ubavu ukimuuma, alitafuta wa kumlaumu asimpate.

Siku zikapita. Alijaribu kumwelekeza Torigoe kwa simu. Alijaribu kufinyanga vijidoli vya udongo, vikawa vijidoli vya udongo. Fumie alilala sakafuni sebuleni ili mumewe ampange viungo, mguu huku, bega kule, naye akavumilia hadi shingo ikamkakamaa.

"Sasa mimi ni Kajika au ni Omine?" akauliza kutoka sakafuni.

"Kajika. Usicheke."

"Sicheki. Nimebanwa na msuli. Bwana we, kwani lazima ashinde kwa kuanguka? Si ampige tu?"

Umezaki akamwinua, akaketi kando yake.

Kagawa alirudi akiwa peke yake. Alikataa chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mwalimu, lazima waanze kuchora. Wasipoanza sasa, Jumapili ikifika skrini itakuwa nyeupe."

"Najua."

"Torigoe ana wazo." Akaitandaza mezani ile michoro ya mwongozo, vipande vidogo vilivyopangwa kama vigae. "Kajika anarushwa hewani. Kila mtu anangoja aanguke. Haanguki. Anatua kwa miguu. Mara ya kwanza katika hadithi nzima anasimama. Anapigwa amesimama, haendi chini. Halafu anapiga yeye. Konde moja."

Umezaki aliipitia yote. Alitafuta kosa apate la kukataa. Konde lile lilikuwa limepangwa na mtu anayejua konde hutoka kisiginoni. Macho ya Omine, yanapomwona mwanafunzi wake amesimama, yalikuwa macho ya baba.

"Siyo," akasema.

"Najua siyo, Mwalimu. Lakini ile yenyewe iko wapi?"

Kagawa hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza ufunguo uko wapi. Umezaki aliikusanya michoro ile. Kisha akachukua muhuri wake mdogo wa sahihi kwenye droo, akaubonyeza kwenye wino mwekundu, na kuugonga kwenye hati ya ridhaa pale alipoonyeshwa. Vidole viliushika muhuri barabara. Kwa kazi ile havikuwa na ugomvi.

Jumapili ya pambano ilipofika walikaa, yeye na Fumie, mbele ya televisheni, sahani ya madonge ya wali katikati. Wimbo ukapigwa. Konde la Omine likamnyanyua Kajika, gunia likapasuka, na mchele ukatawanyika, kila punje ikizunguka kivyake. Umezaki aliijua kazi aliyokuwa anaitazama: watu walikuwa wameacha macho yao kwenye punje zile. Kajika akaja chini taratibu, na chumbani Fumie akaacha kutafuna.

Miguu ikagusa ardhi. Kajika akasimama.

Muziki wote ukanyamaza. Ilisikika pumzi yake tu. Omine akampiga, kichwa kikaenda upande, miguu isitoke pale. Akampiga tena. Kajika, damu mdomoni, akamwambia mwalimu wake, "Nimechoka kuanguka." Na Umezaki, aliyejua fika kwamba Kajika wake asingesema vile hata kwa kukatwa ulimi, alijikuta analia. Fumie akamshika goti. Konde likaja. Skrini ikawa nyeupe, kisha Omine akaonekana chali, akitazama mbingu kama mtu asiyewahi kuiona.

Nje, kabla wimbo wa mwisho haujaisha, watoto walitoka vichochoroni wakipiga kelele, "Nimechoka kuanguka!" wakirushiana makonde. Simu ikaanza kulia. Jirani mwenye duka la tofu alikuja mlangoni na kifurushi. "Mwalimu, hongera! Mke wangu analia mpaka sasa. Akili ile unaitoa wapi, bwana?"

"Si mimi," Umezaki akasema.

"Unyenyekevu tu huo!"

Kesho yake, akiwa kwenye maji ya moto, alifumba macho kama desturi yake. Aliazimia angalau alitazame pambano lake yeye, lile la kweli, lililobaki bila mtu wa kulitaka. Likaanza. Konde, gunia, mchele. Kajika akaja chini, na miguu yake ikagusa ardhi, akasimama.

Umezaki akafumbua macho. Akafumba tena, akaanza upya kuanzia kwenye konde. Kajika akasimama. Akaanza katikati, akaanza mwisho kurudi nyuma, akamfikiria Omine peke yake. Kila alipofika pale palipokuwa na ule mstari mmoja wa wino, palikuwa na miguu miwili imesimama, na pumzi, na punje za mchele za Torigoe. Maji yakapoa naye bado yumo ndani.

"Umelala huko?" Fumie akaita.

"Fumie, nilikupangaje siku ile sakafuni?"

"Siku ipi?"

"Ile ya Kajika. Bega lilikuwa wapi?"

Fumie alifikiri nyuma ya mlango. "Nakumbuka shingo tu. Iliniuma sana."

Umezaki aliomba aletewe ile video ya studio. Akakaa kuitazama mchana kutwa. Mzee mwenye mvi na kitambi alianguka, akaamka, akaanguka, akaamka, akinyoosha kidole na kusema, "Haruki! Hafiki!" Umezaki alimsogelea karibu mzee yule, pua ikikaribia kioo, akamtazama nyonga, akamtazama bega, akijaribu kuelewa alikuwa anakusudia nini.

Majira ya mvua yalipoanza, jarida lilituma ujumbe kupitia kwa Kagawa. Wasomaji wanaingoja manga. Yuko mchoraji kijana hodari. Ataimalizia kwa kulifuata pambano la kwenye filamu, na jina la Umezaki litabaki juu ya jalada. Wanasubiri ridhaa yake. Aliitoa siku ile ile. Kagawa alishangaa, maana alikuwa amejiandaa kubembeleza, hata keki alikuwa ameibeba.

Torigoe alikuja mwenyewe, bila kuitwa, siku moja adhuhuri. Mvua ilikuwa imemlowesha mabega. Alikaa kwenye mkeka akakataa mto wa kukalia.

"Nimekuja kuomba radhi, Mwalimu."

"Ya nini? Ulichora vizuri. Sijawahi kuona konde zuri kama lile."

"Nililichora kwa sababu nilishindwa kulichora lako. Watu wananisifu barabarani, nami naona haya." Alitoa daftari lake lile lile, akalifungua kwenye karatasi nyeupe, akaweka penseli juu yake. "Sasa hakuna haraka. Hakuna televisheni. Niambie tena, taratibu, nami nitachora na kufuta hata mwaka mzima. Si kwa ajili ya studio. Nataka tu kujua Kajika alimshindaje."

Fumie, aliyekuwa jikoni, alizima moto wa jiko ili asikie.

Umezaki aliitazama ile karatasi. Aliliona jambo ambalo mtu hulingoja maisha yake yote, mkono mzima, wenye ujuzi, uliojitoa kuwa mkono wake. Akafungua kinywa. Mvua ilipiga kwenye mabati ya banda la jirani. Torigoe alingoja bila kupepesa macho.

"Yuko hewani," akasema.

"Ndiyo."

"Anaanguka."

"Ndiyo, Mwalimu."

Alifumba macho, akayafumbua, akayafumba tena, hadi penseli ya Torigoe, iliyokuwa imeinuliwa, ikashuka yenyewe ikalala juu ya daftari.

"Nilikuwa na kitu," Umezaki akasema. "Fumie shahidi yangu. Nilikuwa nacho."

Torigoe aliinamisha kichwa, asikiinue. Fumie akaleta mabakuli matatu ya tambi, akayapanga mezani, akawaambia wale kabla hazijavimba. Wakala.